Maziwa ya Mama Huletwa na Kunyonya: Mwongozo kwa Wazazi wa Ulemo

Mtoto mchanga akilia usiku kucha siku mbili mfululizo, hapakosi mtu wa kusema kwamba maziwa ya mama yake hayatoshi. Huenda akawa mama mkwe, au jirani aliyekuja kumwona mzazi, au baba mtoto mwenyewe aliyekosa usingizi. Kesho yake unakorogwa uji mwepesi, mtoto ananyweshwa vijiko kadhaa, analala, na wote wanaona kwamba kumbe ilikuwa njaa. Wiki chache baadaye maneno yale yanatimia: titi limelegea, maziwa yamepungua kweli. Lakini yalipunguzwa na nini? Mtoto aliyeshiba uji hanyonyi, na titi lisilonyonywa halitengenezi maziwa.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala haya. Duniani kote, hofu kwamba maziwa hayatoshi ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi na wanawake wanaoacha mapema kumpa mtoto maziwa yao peke yake. Tanzania tumepiga hatua: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 59 kati ya 100 walio chini ya miezi 6 walinyonya maziwa ya mama tu, na ule wa 2022 ukaonyesha wamefika 64. Wanaobaki, zaidi ya theluthi moja, walipewa maji, uji, maziwa ya ng'ombe au kitu kingine kabla ya wakati wake. Wengi wa mama zao hawakuwa na kasoro yoyote mwilini.

Titi hufanya kazi kwa namna ambayo ukishaielewa, ushauri mwingine wote unafuata wenyewe. Mtoto anapovuta, ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Moja, prolaktini, huagiza maziwa ya mnyonyo ujao yatengenezwe. Nyingine, oksitosini, huyasukuma yaliyokwisha kutengenezwa yashuke kuelekea kwenye chuchu. Ndiyo inayomfanya mama ahisi titi linasisimka, au lile la pili lianze kudondosha wakati mtoto yuko kwenye la kwanza. Prolaktini hupanda zaidi usiku, kwa hiyo anayemnyima mtoto titi usiku ili "maziwa yajae" anafanya kinyume cha anachokitaka. Titi likikaa limejaa kwa saa nyingi hupunguza utengenezaji. Likitolewa maziwa mara kwa mara huongeza. Oksitosini nayo huzuiwa na maumivu, woga, huzuni na ugomvi. Mama aliyetukanwa jioni anaweza kuketi na titi lililojaa na maziwa yasishuke. Maziwa yamo, ila yamezuiliwa njiani, na tiba yake ni utulivu kabla ya kitu kingine.

Tuanze na siku za kwanza, kwani hapo ndipo hofu nyingi huzaliwa. Mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Yanayotoka wakati huo ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano. Ni machache, na yanatakiwa yawe machache: siku ya kwanza mtoto hunyonya takriban kijiko cha chai kwa mnyonyo mmoja, na tumbo lake halihitaji zaidi. Dang'a imejaa kinga za mwili, na pia humsaidia mtoto kutoa kile choo cheusi cha mwanzo. Kuikamua na kuimwaga kwa madai kwamba ni chafu ni kumnyima mtoto chanjo yake ya kwanza. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, au aliyevuja damu nyingi, yanaweza kuchelewa kidogo. Katika siku hizo za kungoja, maji ya sukari au dawa ya mchango haviyaharakishi hata kidogo; mtoto aendelee kuwekwa titini tu.

Sasa namna ya kunyonyesha, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana wanawake wengi wanaoambiwa hawana maziwa wana mtoto asiyelishika titi vizuri. Mtoto anayevuta ncha ya chuchu peke yake hapati maziwa ya kutosha, humuumiza mama mpaka chuchu zichanike, na huacha titi bado limejaa. Mama aumie, achelewe kumnyonyesha tena, titi lizidi kukaa na maziwa: hapo upungufu wa kweli unaanza.

Keti mahali penye egemeo, au lala ubavu. Mwili mzima wa mtoto ukuelekee wewe, tumbo lake liguse tumbo lako, na kichwa, shingo na mgongo vinyooke pamoja. Asilazimike kugeuza shingo ili alifikie titi. Mlete mtoto kwenye titi badala ya wewe kumwinamia. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ungoje apanue kinywa sana, kisha umsogeze kwa haraka, kidevu kikitangulia. Akishika vizuri utaona mambo manne: kinywa kimepanuka, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, kidevu kimegusa titi, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Kisha sikiliza. Mwanzoni huvuta haraka haraka, halafu huvuta taratibu kwa kina, akitulia na kumeza. Mama asihisi maumivu makali. Ukiumia, penyeza kidole safi pembeni mwa mdomo wake umwachishe, uanze upya. Kuvumilia maumivu wiki nzima hakumfaidii mtu.

Anyonye mara ngapi? Kila anapotaka, na kwa mtoto mchanga hiyo ni mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Usimngoje alie, kulia ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla ya hapo hugeuza kichwa akitafuta, hunyonya ngumi, huchezesha ulimi. Amalize titi la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Mtoto mdogo sana au mwenye usingizi mwingi aamshwe. Kuna siku, mara nyingi karibu na wiki ya 3, ya 6 au mwezi wa 3, ambapo mtoto hutaka kunyonya karibu kila saa na hatulii. Anakua, na kwa kunyonya hivyo analiagiza titi liongeze kazi. Mpe titi kila anapolitaka na baada ya siku chache maziwa yatalingana naye. Nadhani siku hizi ndizo zinazoharibu unyonyeshaji kuliko siku nyingine zote, kwa sababu ndizo siku ambazo uji unaingia nyumbani.

Kilio si kipimo cha maziwa. Mtoto hulia kwa joto, kwa nepi iliyolowa, kwa gesi tumboni, kwa kutaka kubebwa tu. Wala ulaini wa titi si kipimo. Baada ya wiki 6 hivi matiti ya wanawake wengi hulainika huku yakitoa maziwa tele. Vipimo vya kuaminika ni mkojo na mzani. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, tangu mwisho wa wiki ya kwanza, akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe usio na harufu kali, anapata maziwa ya kutosha. Ukishampa maji, kipimo hiki kimekufa, kwani atakojoa maji yako. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha unatakiwa uwe umerudi pale alipozaliwa nao afikapo wiki 2. Baada ya hapo aongeze angalau nusu kilo kila mwezi kwa miezi 6 ya kwanza. Kadi ya kliniki ina mchoro wa ukuaji. Mwombe muuguzi akuonyeshe mstari wa mwanao unaelekea wapi. Mstari unaopanda ni jibu tosha kwa jirani yeyote.

Na maji? Mkoa wetu wa Singida ni mkavu, jua lake tunalijua, na watu wenye huruma humpa mtoto maji wakiamini ana kiu. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85. Mtoto mwenye kiu anyonye zaidi, basi. Maji ya kisima au ya lambo yasiyochemshwa humletea kuhara, na mtoto anayehara huishiwa nguvu hata ya kunyonya.

Ulemo, katika Wilaya ya Iramba, ni kata ya wakulima. Alizeti, mtama, uwele na mahindi vyote vinategemea msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na palizi hailingoji titi. Mwanamke aliyejifungua Novemba, Januari yuko shambani. Mtoto anabaki na bibi au na dada yake mkubwa, saa tano au sita zinapita, na mchana analishwa uji. Ukiniuliza nini kinapunguza maziwa vijijini kwetu, nitataja hizo saa kabla ya kutaja chakula. Njia bora ni mtoto aende shambani na mama, akae kivulini na mtu wa kumwangalia, anyonyeshwe kila anapoamka. Isipowezekana, mama anyonyeshe kabla tu ya kutoka, akamue maziwa ayaache nyumbani, akamue tena mchana, na anyonyeshe mara arudipo.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji kifaa. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia kikombe au bakuli lenye mdomo mpana, lililooshwa na kumwagiwa maji yaliyochemka. Likande titi polepole kwa kitambaa cha uvuguvugu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya chuchu, kwenye ukingo wa ile sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, bana, achia. Usiivute chuchu wala usiteleze na ngozi. Mwanzoni huenda pasitoke kitu, endelea, yatashuka. Zungusha vidole upande mwingine wa titi, badilisha matiti kila baada ya dakika chache, na kazi yote ichukue kati ya dakika 20 na 30. Maziwa yafunikwe, yawekwe mahali pa ubaridi kabisa ndani ya nyumba. Kwenye joto yatumike ndani ya saa 4. Palipo baridi na safi yanaweza kufika saa 8. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo safi akiwa ameinuliwa, asimiminiwe. Chupa ya chuchu ni ngumu kuisafisha na humzoesha mtoto kuvuta vibaya.

Ikiwa mzani umeonyesha kweli kwamba maziwa yamepungua, fanya hivi. Kwa siku mbili tatu mama asiwe na kazi nyingine isipokuwa kula, kupumzika na kunyonyesha, mtoto akiwa kifuani bila nguo katikati yao. Anyonye kila baada ya saa mbili au chini ya hapo, usiku asipitishe zaidi ya saa tatu. Mtoto anapoanza kusinzia titini, libane titi taratibu kwa mkono ili maziwa yaendelee kushuka. Akiachia, kamua yaliyobaki umnyweshe kwa kikombe. Kama alishazoeshwa maziwa mengine, yapunguzwe kidogo kidogo kadiri mkojo na uzito unavyoruhusu. Kuyakata ghafla kwa mtoto aliyekonda ni hatari, na hapo muuguzi lazima ahusike. Bibi wa mtoto, dada au mume anaweza kumkanda mama mgongo pande mbili za uti, kutoka shingoni hadi chini ya mabega, kabla hajanyonyesha. Husaidia maziwa kushuka. Mabadiliko huonekana ndani ya siku chache. Kwa aliyeacha kabisa kunyonyesha inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi, lakini wako waliorudisha.

Chakula sasa. Kila upande wa nchi una chakula chake cha mzazi: Uchagani mtori, Pwani na Unguja uji wa pilipili manga na uwatu, kwetu kuku wa kienyeji na supu yake. Navipenda vyote, na mzazi apewe. Ila msomaji ajue mpaka wake. Mwili wa mama hutoa maziwa mazuri hata akila kwa shida. Anayekonda na kuishiwa damu ni yeye. Ndiyo maana anahitaji kula zaidi ya alivyokula kabla ya ujauzito, sawa na mlo mmoja au miwili midogo ya ziada kila siku. Uji wa uwele au mtama uliotiwa karanga, mlenda na majani ya kunde, maharage, mayai, maziwa, papai na maembe kwa msimu wake: vyote vinapatikana bila kwenda mbali. Anywe kila anapohisi kiu, na awe na kikombe karibu anaponyonyesha. Kujilazimisha ndoo ya maji hakuongezi maziwa. Pombe ya kienyeji, ambayo wengine humpa mzazi ili maziwa yajae, huzuia oksitosini na hupita hadi kwa mtoto.

Kuhusu miti shamba niseme bila kuuma maneno. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki huchaguliwa mimea yenye utomvu mweupe, kama mziwaziwa, kwa fikra kwamba cheupe huleta cheupe. Rangi ya utomvu haina uhusiano na maziwa ya mtu. Mnyaa nao una utomvu mweupe, na huo huunguza ngozi na unaweza kupofusha macho. Usikaribie kinywa cha mzazi wala mtoto. Majani ya mlonge ni mboga yenye virutubisho vingi na hayana ubaya mezani. Uwatu haujathibitishwa kwa uhakika, na mwenye kisukari auepuke kwa sababu hushusha sukari. Vidonge vya dukani "vya kuongeza maziwa" visinunuliwe bila daktari.

Lipo pia jambo la kubemenda, linalosemwa kwa sauti ya chini. Wengi wanaamini kwamba wazazi wakikutana kimwili maziwa huharibika na mtoto hudhoofu, na wapo wanaomwachisha mtoto ziwa kwa hofu hiyo. Maziwa hayaharibiki kwa tendo hilo. Mtoto anayedhoofu ana njaa, au ana ugonjwa, au mama amepata mimba nyingine mapema na kumwachisha kabla ya wakati. Kinga ya mimba hiyo ya mapema ni uzazi wa mpango. Mama anayenyonyesha maziwa pekee usiku na mchana, ambaye mtoto hajafika miezi 6 na hedhi haijarudi, ana kinga ya asilimia 98 dhidi ya mimba. Moja kati ya hayo matatu likikosekana, atafute njia nyingine. Vidonge vyenye estrojeni vinaweza kupunguza maziwa, kwa hiyo amwambie mhudumu kwamba ananyonyesha; vijiti havina shida hiyo, na sindano hutolewa kuanzia wiki ya 6.

Zipo pia sababu za mwilini zinazopunguza maziwa: kipande cha kondo kilichobaki, damu nyingi iliyopotea wakati wa kujifungua, ugonjwa wa tezi ya shingo, na wanawake wachache ambao matiti yao hayakukua vya kutosha ndani. Hao hawana kosa lolote na wasilaumiwe. Wanahitaji daktari, na mtoto anahitaji mpango wa chakula uliosimamiwa. Nenda zahanati siku hiyo hiyo kama mtoto aliyepita wiki ya kwanza anakojoa chini ya mara 6 kwa siku, au mtoto wa umri wowote anakataa titi, ana homa, amelegea au amekuwa wa manjano. Au kama mama ana homa, anatoka damu nyingi au uchafu unaonuka, au titi limevimba, limekuwa jekundu na la moto. Titi hilo liendelee kunyonywa au kukamuliwa, maana kuliacha limejaa huleta jipu. Kutoka zahanati, wenye matatizo makubwa hupelekwa hospitali ya wilaya, Kiomboi. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Mama anayeishi na VVU naye anyonyeshe, akimeza dawa zake kila siku na mtoto akipata dawa ya kinga aliyoandikiwa.

Walimu, wauguzi na waajiriwa wengine wa kike wana haki kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua mtoto zaidi ya mmoja, kisha hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku ya kazi. Mkulima hana mwajiri wa kumpa saa hizo. Mume na wakwe ndio wenye uwezo wa kumpa: kumchotea maji, kumbebea kuni, kumpunguzia matuta ya palizi, kumletea mtoto shambani mchana.

Nawe mama, siku ya kliniki usiishie kwenye mzani. Mwombe muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji aketi akuangalie ukinyonyesha, tangu mtoto anaposhika titi mpaka anapoliachia mwenyewe, na umwambie ukweli kama unaumia.